Punda Wako Ana Mimba, au Ni Tumbo la Nyasi Tu?

Wakulima wenzangu,

Asubuhi moja mwezi uliopita nilikuwa nimesimama penye banda la kupokelea maziwa, nikingojea mitungi ya watu imalizwe kupimwa. Punda jike mmoja wa rangi ya kijivu alikuwa amefungwa kwenye nguzo, na tumbo lake lilikuwa kubwa kama pipa. Mzee mmoja akasema, "Huyu atazaa kabla ya mwezi kwisha." Mwingine akacheka, akasema, "Hakuna mimba hapo. Hayo ni mabua ya mahindi." Wa tatu akasema ni minyoo. Mwenye punda aliwasikiliza wote watatu, kisha akapakia mitungi yake mitupu pamoja na magunia mawili ya chakula cha ng'ombe, akaenda zake. Aliondoka akiwa hajui zaidi ya alivyojua alipokuja.

Nilitaka kumwita, lakini niliona haya kumfundisha mtu barabarani mbele ya wenzake. Basi nimeona heri niseme hapa, ambapo kila mtu atasoma kwa nafasi yake, naye atakayeona maneno yangu hayamhusu atageuza ukurasa.

Mimi si daktari wa mifugo. Nilisomea ualimu, nikafundisha miaka michache, na sasa ni karani katika ofisi ya kilimo. Kazi yangu ni daftari. Naandika nani amechukua mbegu, nani amechukua mbolea, na ng'ombe wa nani amepandishwa kwa sindano siku gani. Mtu akija kuniuliza ng'ombe wake atazaa lini, namfungulia ukurasa, nahesabu siku 283, namwambia. Lakini katika shamba langu mwenyewe palikuwa na mnyama mmoja ambaye hakuwa na ukurasa, naye ni punda. Nililipa gharama ya jambo hilo, na ndiyo sababu ya kuandika barua hii.

Yaliyonipata

Punda wetu jike tulimnunua akiwa na umri wa miaka minne hivi. Asubuhi hupeleka maziwa, na mchana huleta maji kutoka mtoni. Mimi nakwenda ofisini, kwa hiyo anayemfunga na kumfungua kila siku ni mke wangu, na wakati wa likizo ni watoto.

Mwaka jana, mwezi wa Januari, dume la jirani lilikata kamba likaingia katika malisho yetu. Mke wangu aliniambia jioni ile ile. Mimi nikasema, "Vema," nikaendelea kunywa chai. Sikuandika tarehe. Yeye pia hakuiandika, lakini aliishika kichwani kwa sababu ilikuwa wiki ile ile kijana wetu wa pili alipoanza shule.

Miezi ikapita. Mwezi wa Agosti mke wangu akasema punda hataki tena dume, hata likimkaribia humpiga mateke. Nikasema punda ni punda, na fadhila zake ni mateke. Mwezi wa Septemba akasema ameona ubavu wa punda ukitikisika asubuhi baada ya kunywa maji baridi. Nikasema ni matumbo yanayopiga kelele. Ulipofika mwezi wa Oktoba nikahesabu miezi tisa kwa vidole, nikaenda kumtazama kiwele. Kilikuwa kimenywea, hakuna dalili yoyote ya maziwa. Nikarudi nyumbani nikatoa hukumu kama hakimu: "Hana mimba. Ni nyasi."

Mwezi wa Novemba nilikuwa najenga msingi wa tangi la maji. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza na njia ilikuwa matope. Kwa siku tatu punda yule alivuta mkokoteni wa mawe. Usiku wa siku ya tatu mimba ikaharibika. Asubuhi tulimkuta mtoto amelala kwenye majani, dume, ana manyoya mwili mzima, kwato zake laini, na amekufa. Mke wangu alihesabu tangu wiki ile ya kufungua shule. Ilikuwa miezi kumi na nusu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Nilikuambia ubavu ulitikisika."

Daktari wa mifugo alikuja, kwa maana kondo la nyuma lilikuwa halijatoka na punda alikuwa na homa. Nilimwuliza kama ni mawe yaliyomwua mtoto. Alisema hawezi kuapa, kwa sababu mimba ya punda huweza kuharibika kwa magonjwa, kwa kuwa na mapacha, kwa chakula kibaya, au kwa kazi nzito. Lakini akaniuliza, "Ulijua ana mimba?" Nikajibu kuwa sikujua. Akaniuliza tena, "Ulijua hana?" Hapo nikakosa jibu.

Swali lile la pili ndilo nataka kila mwenye punda ajiulize. Wengi wetu tunadhani kutojua kama ana mimba ni sawasawa na kujua kuwa hana. Mambo haya mawili ni mbalimbali kabisa.

Miezi ya punda si miezi ya ng'ombe

Kosa langu la kwanza lilikuwa la hesabu. Sisi wa skimu ni watu wa ng'ombe wa maziwa. Tangu mashamba haya yalipoanza kukatwa mwaka wa 1962, wazee wetu walifundishwa habari za ng'ombe wa gredi, na hesabu ya miezi tisa imeingia katika damu yetu. Tunaichukua na kumpa punda.

Lakini punda hubeba mimba muda wa miezi 12 hivi, na si ajabu kukuta mmoja amezaa katika mwezi wa 11 au mwingine akachelewa mpaka wa 13, hata kukaribia wa 14. Farasi hubeba miezi 11 hivi. Basi mtu anayehesabu miezi tisa na kutazama kiwele cha punda hataona kitu, kwa sababu kiwele cha punda kwa kawaida huanza kujaa katika wiki chache tu za mwisho kabla ya kuzaa. Anasema, "Huyu ni tasa," anamrudisha katika mkokoteni wakati ambapo mtoto tumboni anakua kwa haraka kuliko miezi yote iliyotangulia. Ndivyo nilivyofanya mimi.

Dalili zinazodanganya

Tuzitazame dalili tunazozitegemea, moja baada ya nyingine.

Kwanza, tumbo. Punda ni mnyama anayekula majani makavu mengi, na mabua magumu humkalia tumboni muda mrefu. Punda dume pia huota tumbo kubwa akila mabua matupu, wala hakuna anayesema atazaa. Minyoo nayo huongeza tumbo huku mgongo ukikonda. Zaidi ya hayo, punda jike aliyekwisha kuzaa mara kadhaa huwa na tumbo lililolegea daima. Kwa upande mwingine, punda anayezaa mara ya kwanza huweza kufika mwezi wa tisa bila jirani yeyote kugundua. Wengine husema tumbo la mimba huteremka chini na kuegemea upande mmoja, na la nyasi hutanuka sawasawa pande zote mbili. Kuna ukweli katika maneno hayo, lakini huonekana vizuri mwishoni tu, na si kwa kila mnyama.

Pili, joto. Punda jike asiye na mimba hupata joto kila baada ya siku 21 hadi 28, na joto lenyewe hukaa kama wiki moja. Utamjua, kwa maana hulaza masikio nyuma, hunyosha shingo, na kutafuna-tafuna mdomo mtupu mbele ya dume. Asipofanya hivyo tena baada ya kupandwa, ni dalili njema ya mimba. Lakini haitoshi. Punda aliyekonda sana wakati wa kiangazi huweza kuacha kupata joto bila mimba yoyote. Na wako wachache wenye mimba ambao humkubali dume tena. Kwa hiyo usiseme "Jana alipandwa, basi hana mimba."

Tatu, kiwele. Nimekwisha kusema kwamba huchelewa. Kwa punda wa uzazi wa kwanza huchelewa zaidi, na wengine hujaza kiwele siku chache tu kabla ya kuzaa.

Nne, tabia. Mmoja huwa mpole, mwingine huwa mkali. Punda huwa mkali pia akiwa na kidonda chini ya kamba za mkokoteni. Tazama kidonda kwanza.

Tano, kutikisika kwa ubavu. Hii ndiyo dalili ninayoiheshimu sasa kuliko zote za macho. Katika miezi ya mwisho mtoto hugeuka tumboni, na mtu akitulia asubuhi na mapema karibu na ubavu huweza kumwona au kumhisi kwa kiganja. Lakini mtoto hulala pia. Ukikosa kumhisi leo haina maana kwamba hayupo.

Mtaona basi kwamba dalili hizi zote zina kasoro ya namna moja. Zikiwapo, zinaweza kukuambia "labda ndiyo." Zisipokuwapo, haziwezi kukuambia "hapana."

Hata wenye mali hukisia

Msidhani jambo hili ni la sisi wenye mashamba madogo tu. Huko Marekani na Uingereza wako watu wanaofuga farasi wadogo kabisa, wafupi kuliko punda wetu, ambao urefu wao mabegani hauzidi sentimita 86 au hapo karibu. Farasi hao hawafanyi kazi ya shamba. Hufugwa kwa maonyesho na kwa kupendeza tu. Wenye farasi hao wana pesa na madaktari karibu, lakini nao husimama nyuma ya uzio wakibishana kama jike ana mimba au amenenepa tu, kwa maana mwili mfupi wenye tumbo pana huficha kila kitu. Tena kwa sababu farasi hao ni wadogo mno, mara nyingi daktari hawezi kuingiza mkono kumpima kama anavyompima farasi mkubwa.

Nasema hivi ili mtu asione aibu kusema "Sijui." Aibu ni kufanya kazi nzito juu ya jambo usilolijua.

Njia za kujua hakika

Ziko njia za kuondoa shaka. Ya kwanza ni mkono wa daktari wa mifugo, ambaye hupima kizazi kupitia utumbo wa nyuma. Daktari mzoefu huweza kujua kuanzia mwezi wa pili hivi. Lakini utumbo wa punda ni mwembamba na ukipasuka mnyama hufa, kwa hiyo kazi hii ni ya daktari peke yake. Jirani anayesema amezoea kuwapima ng'ombe asiguse punda wako.

Njia ya pili ni chombo cha kupiga picha ya ndani, kama kile kinachotumiwa kwa akina mama hospitalini. Hicho huweza kuonyesha mimba hata ya wiki mbili au tatu, na mimba ikiwa kubwa huweza kutazamwa kupitia ngozi ya tumbo. Si kila wilaya ina daktari mwenye chombo hicho, lakini yafaa kuuliza.

Njia ya tatu ni kupima damu au mkojo. Hapa pia kuna mtego, na ni vizuri tuujue. Katika jamii ya farasi na punda, kuanzia siku kama ya 40 mimba hufanya vikombe vidogo ndani ya kizazi, na vikombe hivyo humwaga kitu fulani katika damu. Vikishafanyika, huendelea kukimwaga kwa wiki nyingi hata kama kijusi kimekufa. Kwa hiyo damu huweza kusema "ndiyo" wakati mimba imekwisha kuharibika. Jibu la damu lazima lisomwe na daktari anayejua tarehe ya kupandwa. Bila tarehe hata dawa za maabara hukisia.

Ukiwa na shaka, mhesabu ana mimba

Sasa nafika kwenye shauri langu, nalo ni fupi. Punda jike yeyote aliyekutana na dume, na ambaye daktari hajasema hana mimba, mhesabu kuwa ana mimba mpaka miezi 14 ipite.

Nina sababu tatu.

Ya kwanza ni kazi. Simwambii mtu amlaze punda nyumbani mwaka mzima. Katika miezi ya kwanza kazi ya kiasi haimdhuru, tena humpa afya. Lakini katika miezi mitatu ya mwisho naona haifai avute mkokoteni. Abebe kidogo, atembee, alishwe vizuri. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, sura ya 360, inakataza kumpakia mnyama kupita kiasi, hata asiye na mimba. Mwenye mimba anastahili zaidi ya kile sheria inachotaka.

Ya pili ni chakula. Mtu akidhani punda amenenepa tu, huenda akakata chakula ghafula ili tumbo lipungue. Hili ni jambo la hatari sana, na wengi hawalijui. Punda mnene akinyimwa chakula ghafula, hasa akiwa na mimba au akinyonyesha, mafuta ya mwilini humwagika katika damu yake kupita kiasi. Maini hushindwa, mnyama hukataa kula, hulala, na mara nyingi hufa yeye na mtoto wake. Ukimwona punda jike amekataa chakula hata siku moja, usingoje kesho kumwita daktari.

Ya tatu ni dawa. Ziko dawa za minyoo na sindano nyingine ambazo haziwafai wenye mimba. Yeyote atakayekuja kumtibu punda wako, mwambie kabla hajafungua mfuko wake, "Huenda ana mimba." Neno "huenda" halina gharama.

Fikirini hasara ya kila upande. Nikimhesabu ana mimba kumbe hana, nimepoteza nini? Nimepoteza safari kadhaa za mkokoteni, na punda amepumzika na kunenepa kidogo. Nikimhesabu hana kumbe anayo, nimepoteza mtoto wa miezi kumi na nusu, karibu nimpoteze na mama yake, na nimelipa daktari. Karani yeyote anaweza kujumlisha hesabu hiyo.

Watakaonipinga

Najua kuna watakaosema, "Maneno ya ofisini ni rahisi. Punda wangu akipumzika, nani ataleta maji?" Swali hilo ni la haki, na mimi sitaki kulipita juu juu. Katika nyumba nyingi punda akisimama, mzigo unahamia mgongoni kwa mama na watoto. Kwa hiyo jambo hili haliwezi kuwa shauri la mtu mmoja. Kwetu sasa tuko nyumba nne tulioafikiana. Punda wa mmoja akifika miezi ya mwisho, wenzake humchukulia maziwa na maji kwa zamu, naye hulipa kwa majani ya kulisha au kwa siku za kupalilia. Haikuhitaji mkutano mkubwa. Ilihitaji watu wanne kukaa chini ya mti mmoja.

Wengine watasema daktari ni ghali. Ni kweli kwamba safari ya daktari kwa punda mmoja ni ghali. Lakini daktari akija siku moja kupima punda wanne, gharama ya safari hugawanywa. Na asiyeweza hata hivyo, bado ana dawa isiyo na gharama, yaani tarehe iliyoandikwa.

Wako pia watakaosema, "Punda ni kitu cha kununua tu sokoni. Akiharibikiwa nitapata mwingine." Hao nawaomba watazame hesabu za Serikali. Katika hesabu ya watu na mifugo ya mwaka wa 2009 punda wa Kenya walikuwa karibu milioni 1.8. Katika hesabu ya mwaka wa 2019 walikuwa karibu milioni 1.2. Machinjio ya punda yalifunguliwa nchini kuanzia mwaka wa 2016 kwa sababu ya ngozi zilizotakiwa Uchina, na wizi wa punda ukaenea hata mashambani kwetu. Mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Uamuzi huo ni mwema, lakini hauzai punda. Punda jike huzaa mtoto mmoja, baada ya mwaka mzima wa mimba, na mtoto huyo hufaa kwa kazi nzito akiwa na miaka mitatu au minne. Kwa hiyo aliyeharibiwa leo pengo lake litakaa miaka mitano.

Daftari la punda

Methali inasema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa nikiifundisha darasani na kuiandika ubaoni kwa chaki, nami sikuitii nyumbani.

Chukua daftari la mtoto la shule, ukurasa mmoja kwa kila punda jike. Andika mambo manne tu. Tarehe aliyokutana na dume, hata kama hukuona kwa macho yako ila umeambiwa. Tarehe yoyote aliyoonyesha joto tena. Tarehe ya miezi tisa, ambayo ni siku ya kuanza kumpunguzia mkokoteni. Na tarehe ya miezi 11, ambayo ni siku ya kuanza kumtazama kiwele kila jioni na kumlaza mahali pakavu karibu na nyumba.

Na daftari hilo lisikae mfukoni mwa baba. Likae jikoni, penye yule anayemfungua punda asubuhi. Nimejifunza kwa uchungu kwamba katika shamba langu aliyekuwa na elimu juu ya punda hakuwa mimi mwenye cheti. Ni mke wangu, aliyemshika shingo kila siku. Watoto nao huona mengi. Mtoto akisema, "Baba, punda leo anatembea vibaya," usimjibu kabla hujaenda kutazama.

Siku za mwisho

Kiwele kikijaa na matone kama nta yakaonekana kwenye chuchu, siku zimekaribia. Punda wengi huzaa usiku. Maji yakishapasuka, mtoto hutoka upesi. Nusu saa ikipita na hajatoka, mwite daktari wala usivute kwa kamba. Mtoto hutakiwa kusimama katika saa moja au mbili na kunyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza, upesi iwezekanavyo. Kitovu chake kipakwe aidini. Kondo la nyuma lisipotoka katika saa tatu, hilo nalo ni la daktari, na usilivute kwa mkono. Na mimba ikiharibika kama ilivyokuwa kwangu, usimshike mtoto kwa mikono mitupu, kwa maana magonjwa mengine hupita kwa watu. Mwonyeshe daktari kwanza, halafu mzike chini sana ambapo mbwa hawatafika.

Punda wetu alipona. Alipumzika, akapata nguvu, na tarehe 9 Aprili mwaka huu alikutana na dume tena, safari hii kwa kupenda kwetu. Tarehe hiyo imeandikwa na kijana wetu yule wa pili, kwa herufi kubwa zilizopinda, katika daftari linaloning'inia kwa uzi penye mlango wa jiko. Tangu siku hiyo hatujaona joto tena, lakini nimekwisha kuwaambia dalili hiyo ina thamani gani. Daktari atakuja wiki ya pili ya mwezi ujao kuwapima punda wanne wa nyumba zetu kwa siku moja.

Kwa hiyo ukiniuliza leo kama punda wangu ana mimba, nitakujibu kweli kwamba sijui. Lakini mawe yaliyobaki ya tangi letu nayabeba mwenyewe kwa toroli, kidogo kidogo, kila Jumamosi.

Ni mimi mkulima mwenzenu,
Karani, Ofisi ya Kilimo